Mwezi wa asali ndani ya kombi



Tuliahidi kuandika juu ya daftari za shule na bei yake. Mtatusamehe. Tangu mwezi uliopita, katika kikundi chetu cha Alhamisi hapa Uvira, hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za daftari. Sote tulikuwa safarini Marekani, ndani ya gari la zamani, pamoja na maarusi wawili ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona kwa macho.

Habari yenyewe ilianza vibaya. Mwenzetu mmoja (ametupa ruhusa ya kusimulia, ila jina hapana) alikuja siku hiyo amefunga kilemba chini mpaka kwenye nyusi. Alilipa franka zake za likelemba, akakaa, hakuimba. Tulipomwuliza, alitoa telefone akatuonyesha picha ya gari. Ilikuwa kombi, ile Volkswagen yenye uso wa duara ambayo wazee wetu waliipanda zamani, nyeupe juu na rangi ya chungwa chini. Nyuma ya vioo vyake kulikuwa na mapazia ya kitenge.

"Hicho kitenge nilikituma mimi," akasema. "Nilikituma mtoto avae siku ya karamu. Karamu haikuwa. Wamefunga ndoa kanisani, wamekula keki na watu ishirini, halafu wameingia ndani ya gari hili. Wanasema ni mwezi wa asali. Watalala humo wiki nne. Mtoto wangu ameolewa, na analala ndani ya gari kama mkimbizi."

Tangu siku hiyo tunamwita Mama Kombi. Kwanza tulimwita hivyo pembeni, halafu mbele yake, na sasa anaitika. Lakini siku ile hakuna aliyecheka, kwa sababu tunajua neno mkimbizi lina uzito gani kinywani mwake. Mwaka 1996, vita ilipofika Uvira, alikimbia na binti huyo mgongoni, mtoto wa miezi mitano. Walipita njia ya Baraka, wakavuka ziwa, wakafika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Baadaye yeye alirudi kumtafuta mume wake, akamwacha mtoto kwa mdogo wake ili asome. Mama mdogo huyo alipopata nafasi ya kupelekwa Marekani, mtoto alikwenda naye. Wanaishi Lexington, jimbo la Kentucky, mji wenye Wakongo wengi, ambako unaweza kusikia Kiswahili chetu dukani. Mama Kombi hajamgusa binti yake kwa miaka mingi. Karamu ile, ambayo angeiona kwenye video, ndiyo iliyokuwa sehemu yake.

Sisi tunaofundisha tuna ugonjwa wetu: mtu akilia, tunatafuta ramani. Alhamisi iliyofuata tulileta ramani ya Marekani kutoka shuleni, tukaitundika kwenye dirisha la sebule. Binti alikuwa amezoea kumpigia mama yake, lakini mama hakupokea tena. Basi akawa anatuma ujumbe wa sauti kwenye telefone ya kikundi, na kila Alhamisi tuliusikiliza pamoja. Mama Kombi alikaa karibu na mlango akichambua ndagala, kama mtu ambaye habari hiyo haimhusu. Ndagala wale walichambuliwa vizuri sana mwezi huo.

Kwanza tuliuliza juu ya gari. Kwa nini kuukuu? Je, Marekani hakuna magari mapya? Jibu lilitufundisha. Mkwe ni fundi wa magari. Kombi hiyo, ya mwaka 1971, aliikuta imelala kwenye majani nyuma ya ghala la mkulima, panya wakizaa ndani. Aliinunua kwa bei ya chuma, akaitengeneza kila Jumamosi kwa muda wa miaka miwili. Na kumbe zile za kwanza kabisa, za kabla ya 1967, zenye kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, zikitengenezwa vizuri, baadhi zimeuzwa kwa mnada kupita dola 100,000. Mama mmoja aliomba turudie tarakimu hiyo. Tuliirudia. Akasema kuna moja nyuma ya parsele ya marehemu baba yake, kuku wanatagia humo. Tulimshauri asiwatoe kuku kwanza.

Gari hilo lilibuniwa na Mholanzi, Ben Pon, aliyechora umbo lake kwenye daftari yake mwaka 1947. Wajerumani walianza kulitengeneza mwaka 1950. Injini iko nyuma, nayo haina maji ya kuipoza, inapozwa na upepo wa feni. Kumbukeni jambo hilo, litarudi. Ndani, kiti cha nyuma hulala kikawa kitanda. Urefu wa nyumba hiyo yote ni mita nne na nusu. Huko Marekani, miaka ya 1960, vijana waliochoka na maisha ya wazazi wao walizipenda kombi kwa sababu zilikuwa rahisi na zinalalika. Leo wengi wanazipenda kwa kumbukumbu. Mkwe wetu aliipenda kwa sababu ndiyo aliyoweza kuilipia.

Halafu njia. Walitoka Lexington mpaka mji wa St. Louis, kwenye mto Mississippi, wakaingia katika barabara ya zamani inayoitwa Route 66. Ilianzishwa mwaka 1926, na baadaye ikatoka Chicago mpaka Santa Monica kando ya bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 3940, ikipita majimbo manane. Wamarekani wanaipa jina la utani, Barabara Mama. Jina hilo lilienea kwa sababu ya kitabu cha John Steinbeck cha mwaka 1939, kinachosimulia wakulima maskini walioacha mashamba yaliyokauka wakapakia vitu juu ya magari mabovu, wakaelekea California kutafuta kazi. Tuliposema hivyo, Mama Kombi aliinua kichwa kidogo. "Basi hata ile barabara ni ya wakimbizi," akasema. Kwa namna fulani, ndiyo.

Kwa ubao tulipiga hesabu. Pamoja na kona zao, safari ni karibu kilomita 4200. Mkichora mstari hewani kutoka Uvira mpaka Kinshasa, mkaurudisha, bado hamjafika. Kombi hiyo hunywa lita 12 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo lita 500 na kidogo, na kwa bei ya huko hiyo haifiki dola 600. Chakula walijipikia. Usiku walilala katika viwanja vya kambi vya bei ndogo, au penye ardhi ya serikali ambako kulala ni bure kwa siku kadhaa. Karamu ya watu mia tatu, na ukumbi, na sare, na kamera, tuliipigia hesabu pia. Hatuandiki jibu hapa, kila mmoja wenu ameshawahi kukaa katika komite ya arusi.

Mama mmoja mwenye umri, anayeheshimiwa katika kikundi, alisema karamu ni ya watu, lakini siku zinazofuata ni za wawili, na huku kwetu siku hizo zimeibiwa. Alisema kweli. Ndugu zetu wa pwani wana neno fungate, zile siku saba ambapo bwana-arusi na bibi-arusi wanakaa ndani, wanaletewa chakula, hawaulizwi kitu. Sisi tunasema mwezi wa asali, lakini asali yenyewe iko wapi? Siku ya tatu bibi-arusi ameshika ufagio katika uwanja wa mama mkwe, na siku ya kumi mwenye viti vya kukodisha yuko mlangoni anadai. Tumewaona vijana waliojuana vizuri mara ya kwanza wakijificha mdai.

Hata hivyo hatukubaliani na waliosema siku ile kwamba Mama Kombi analilia sherehe tu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni akavuka naye ziwa, akamwachilia ili asome, ana haki ya kuona siku yake moja. Hilo tulilisema mbele ya wote, na tunaliandika tena.

Swali lililofuata lilikuwa lake mwenyewe, ingawa alilipitisha kwa jirani: mtu mweusi anaweza kulala barabarani Marekani na kuamka?

Swali hilo si la ujinga. Zamani, katika miji mingi ya Marekani, kulikuwa na mabango yanayomwambia mtu mweusi aondoke kabla jua halijatua, na mingine ilikuwa kando ya barabara hiyo hiyo. Mwaka 1936, mtumishi wa posta wa Harlem huko New York, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha kitabu kidogo kilichoonyesha weusi wanaweza kulala wapi, kula wapi, kununua mafuta wapi. Kilichapishwa kwa miaka kama thelathini. Ndani yake hamkuwa na hoteli tu. Mlikuwa pia na nyumba za watu, na nyingi zilikuwa za wamama waliotoa chumba na sahani kwa msafiri.

Na kama mnataka habari ya usiku wa kwanza wa ndoa, sikieni hii. Tarehe 18 Juni 1953, Martin Luther King alimwoa Coretta Scott katika uwanja wa nyumba ya wazazi wa bibi-arusi, jimbo la Alabama. Aliyewafungisha alikuwa baba wa bwana-arusi, na Coretta alimwomba aondoe katika kiapo ile ahadi ya mke kumtii mume. (Hapo kikundi kiligawanyika, tukapoteza nusu saa.) Hoteli za karibu hazikupokea weusi. Basi usiku ule walilala nyumbani kwa rafiki wa familia ambaye kazi yake ilikuwa kuzika wafu. Mwezi wa asali wa mtu aliyekuja kujulikana dunia nzima ulianza katika nyumba ya mzikaji.

Sheria ya mwaka 1964 ilikataza hoteli kumfukuza mtu kwa rangi yake. Binti alitujibu kwa sauti ya utulivu kwamba wanafika mahali kabla ya giza, wanachagua penye familia nyingine, na kila usiku wanamtumia mama mdogo alama ya mahali walipo. "Mwambieni mama sina woga. Lakini sijalala fofofo pia." Tulimtazama mama. Alikuwa anachambua.

Ujumbe wa wiki ya pili ulitoka Tulsa, jimbo la Oklahoma, na ndio uliotukalisha wima. Walikuwa wamegombana. Mume alipigiwa simu na kaka yake wa Kalemie anayeomba pesa ya hospitali, akasema sawa bila kumtazama mke. Mke akauliza: unatuma ngapi kwa mwezi? Kimya. Akauliza tena. Ikatokea kwamba anatumia watu watatu, tangu miaka sita, na hakuwahi kusema. Binti alikasirika. Lakini, wamama, ndani ya kombi hakuna mlango wa kubamiza, hakuna jiko la kukimbilia, hakuna dada wa kumwendea. Mita nne na nusu, na mbele yao kilomita mia kadhaa za mashamba. Walikwenda saa moja nzima wakisikiliza injini tu. Halafu mume akauliza naye: na wewe?

Na yeye pia alikuwa anatuma. Dola hamsini kila mwezi, kwa mama yake. Hakuwahi kumwambia mume.

Mkono wa Mama Kombi ulisimama juu ya ungo. Sisi pia hatukujua hizo hamsini, na hatukuuliza.

Walisimama penye kituo cha mafuta, wakachukua karatasi, wakaandika kila kitu: anayemtumia nani, kiasi gani, kwa sababu gani, na mpaka lini. Karatasi ile waliibandika juu ya kioo kidogo cha kunawia. Mama mmoja upande wa kushoto alisema kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua madeni ya mume wangu mwaka wa saba, na aliyeniambia ni mdai." Mwingine akasema yeye bado hajui. Mazungumzo hayo yaliendelea hata baada ya kufunga kwa sala, na tukitazama nyuma, ndiyo yaliyotufanya tuiandike habari hii.

Texas walipita haraka, ila tuliuliza sana juu ya hoteli moja ya Amarillo ambako ukimaliza kipande cha nyama chenye uzito wa kilo mbili na zaidi, pamoja na vya kando yake, kwa saa moja, hulipi. Wamama wawili walijitolea kwenda. Nje ya mji huo kuna magari kumi ya Cadillac yaliyozikwa tangu 1974, pua chini, mkia juu, na kila mpita njia anayapaka rangi anavyotaka. Mkwe, kama fundi, iliinua moyo wake na kuuvunja pia.

New Mexico, katika mji mdogo wa Tucumcari, waliacha kombi usiku mmoja wakalala kwenye kitanda. Nyumba ya wageni hiyo, Blue Swallow, ilianza mwaka 1939, na kando ya vyumba kuna mahali pa kuegesha gari lako. Mwaka 1958 mtu mmoja, Floyd Redman, aliinunua akampa mchumba wake Lillian kama zawadi ya uchumba. Si pete tu, ni nyumba ya wageni nzima! Lillian aliiendesha miaka arobaini, akaendelea hata barabara kubwa mpya ilipochukua wateja. Kuna wasichana katika familia zetu wanaopewa uchumba wa telefone, wafikirie.

Nani anaendesha? Wanapokezana kila saa mbili. Baadhi yenu mlishangaa kwamba bibi-arusi anashika usukani wa gari zito bila usaidizi wa injini. Mwaka 1909, Alice Ramsey, mwanamke wa miaka 22, mwenye mtoto mdogo nyumbani, aliendesha gari la Maxwell kutoka New York mpaka San Francisco kwa siku 59. Alikuwa na wanawake wenzake watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuendesha. Njia nyingi zilikuwa udongo, kama zetu. Alibadilisha magurudumu kumi na moja njiani. Mume wake alibaki nyumbani.

Arizona walifika Seligman, kijiji kilichoishi kwa wasafiri mpaka mwaka 1978, barabara kubwa ilipopita pembeni na wateja wakakatika kwa siku moja. Kila mama anayeuza kando ya njia anaelewa maana yake. Kinyozi wa kijiji hicho, Angel Delgadillo, hakukubali. Mwaka 1987 aliwakusanya jirani zake wakaanzisha chama cha kuiokoa barabara yao, na watu wakarudi. Kisha waliuona ule bonde wa Grand Canyon, ambao mto umechimba kwa kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Binti alishindwa kusema. Alitutumia sekunde arobaini za upepo.

Baada ya hapo ni jangwa. Mto Colorado, mji wa Needles, halafu California yote ya mawe. Mwezi wa sita joto la huko hupita nyuzi arobaini. Walikuwa wametoka alfajiri, lakini njia baada ya Needles inapanda muda mrefu, na kombi hupanda polepole. Karibu saa tano za asubuhi, taa nyekundu iliwaka. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Mnakumbuka tulisema injini hiyo inapozwa na upepo tu? Bila mkanda hakuna upepo, na ukiendelea kidogo injini inakufa. Walisimama kando. Mume alikuwa na mkanda wa akiba, ila alipotafuta funguo kubwa ya kufungulia kokwa, ile ya namba 21, hakuiona. Ilibaki kambini.

Kivuli hakikuwapo. Waliondoa mapazia, wakayafunga kutoka paa la kombi mpaka kwenye fimbo mbili, wakakaa chini ya kitenge. Mume akasema atarudi kwa miguu mpaka penye nyumba za mwisho, anakadiria kilomita kumi na mbili. Binti alimpigia mama yake. Huku ilikuwa saa mbili za usiku.

Mama alipokea. Anasema hajui kwa nini usiku ule alipokea.

Binti akasema, "Mama, gari limekufa." Mama hakuuliza kuhusu karamu, wala kitenge. Aliuliza, "Mna maji?" Walikuwa na lita kumi na tano. Akasema, "Mpe simu mume wako." Ilikuwa mara ya kwanza kusema na mkwe wake tangu arusi. Akamwambia, "Mwanangu, usiache gari. Usitembee. Kaeni chini ya kivuli, mnywe kidogo kidogo, mpaka mtu apite." Mkwe akajibu, "Mama, ni kilomita kumi na mbili tu." Ndipo akawasimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia binti yake, wala sisi: kwamba mwaka 1996, kwenye njia ya Baraka, kamyo yao ilikufa usiku. Walilala ndani yake siku nne, watu thelathini. Wanaume watano walitoka kwa miguu kutafuta maji na msaada. Yeye alibaki na mtoto, alimnyonyesha kiunoni mwa giza, akimziba mdomo asilie. Kamyo nyingine ilikuja siku ya tano. Wale watano hawakuonekana tena. "Mmoja alikuwa ndugu yangu," akasema. "Kwa hiyo usitembee."

Mkwe alikaa.

Mega za binti ziliisha katikati, mama mdogo akamnunulia nyingine kutoka Lexington, wakaendelea. Saa moja na nusu walizungumza hivyo, mmoja gizani kando ya Tanganyika, wawili chini ya kitenge jangwani. Hatukuwapo, na Mama Kombi hasimulii yote. Anasema tu kwamba binti aliuliza maswali mengi, na kwamba alilia mara moja, "si kwa sababu ya gari."

Wenye kombi za zamani huko wana desturi: wakipishana wanapungiana mkono, na mmoja akisimama, mwingine anasimama naye. Mchana wa huko, wazee wawili, mume na mke, walipita na gari la ukoo uleule, wakasimama. Mzee alikuwa na funguo namba 21. Alikuwa na tatu. Walisubiri injini ipoe, mkanda ukafungwa, bibi mzee akawapa matikiti.

Siku tatu baadaye walifika Santa Monica, penye gati la mbao na kibao kinachosema njia imekwisha. Video ilikuja Alhamisi, tukiwa wote. Binti amesimama kwenye maji mpaka magotini, amejifunga kile kitenge. Tulipiga vigelegele. Mama Kombi alishika telefone karibu na macho, akaangalia mara mbili. "Jua limekila upande mmoja," akasema. "Angalieni, mistari. Nitatuma kingine."

Juu ya karamu, bado hajasamehe, na tumemwambia ana haki. Wakirudi likizo ya mwakani, anataka wasimame mbele ya kanisa letu, na kikundi kimeshaanza kubishana juu ya sare. Zile dola hamsini, binti na mume wameamua zitatumwa na wote wawili, kwa majina yao mawili. Alhamisi iliyopita mama aliyesema hajui madeni ya mume wake alitujia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakutuonyesha. Alisema wamefika nusu.

Daftari za shule, wiki ijayo, kweli.